Mkataba wa Washington: Mmarekani ana ubavu wa kumbana Kagame?

Mgebuka Mkavu: Wakuu, Juni 27, 2025 mawaziri wa nje wa Kongo na Rwanda walisaini mkataba wa amani Washington, Rubio, waziri wa nje wa Marekani, yupo. Desemba 4 wakaja marais wenyewe. Hata wiki haijaisha, M23, waasi wa Kongo wanaodaiwa kubebwa na Rwanda, wakaingia Uvira, watu wakakimbilia Burundi. Uvira ipo kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika. Swali: Marekani akimkazia Rwanda, Rwanda anaumia kweli? Au ni msaada jina tu, kama yale makopo ya mafuta ya USA ya wakimbizi yanayozagaa sokoni Kasulu?

Kibirizi Juu: Anaumia, ila si pale mnapodhani. Julai 2012 Marekani alikata dola 200,000 tu za chuo cha masajenti cha Rwanda. Kwa jeshi, hiyo ni hela ya chai. Lakini ndani ya siku chache Uholanzi, Uingereza na Ujerumani nao wakazuia zao, na hizo ndizo zilizokuwa zinaingia kwenye bajeti. Novemba 2013 M23 kwisha habari.

Dada wa Gungu: Kwisha habari kwa nani? Brigedi ya MONUSCO, walinda amani wa UN huko Kongo: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, pamoja na jeshi la Kongo. Usimpe Obama sifa za vijana wa JWTZ.

Kibirizi Juu: Dada, sijamnyang'anya mtu sifa. Nasema shinikizo la wafadhili lilifanya kazi kwa sababu walikaza pamoja. Februari 2025 Marekani kamwekea vikwazo Kabarebe, waziri mmoja tu wa Rwanda, na msemaji wa M23. Matokeo si unayaona?

Mha Halisi: Mimi hayo makopo ndiyo yananiudhi. Wakimbizi wanapewa bure, wanauza. Halafu tunaambiwa wana njaa.

Dada wa Gungu: Kaka, umewahi kuangalia kilichomo kwenye mgao? Unga, kunde au dengu, mafuta, chumvi. Hamna nyanya, hamna dagaa, hamna hela ya sabuni. Kipimo kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao ukipunguzwa hufikishi hapo. Sasa auze nini? Unga anaokula leo? Kopo la lita 4 halimwagiki, haliozi, lina bei. Hata wewe ungeliuza.

Mha Halisi: Mimi siuzi cha msaada. Na usinifananishe.

Kibirizi Juu: Anayenufaika kwanza ni Mmarekani. Mafuta yananunuliwa kwa wakulima wake, na asilimia 75 ya shehena lazima ipande meli za bendera yake hata kama nauli ni ghali.

Mgebuka Mkavu: Ilikuwa 75. Tangu 2012 ni 50. Misaada ya silaha nayo ni hivyo hivyo: Misri anaandikiwa dola bilioni 1.3 kila mwaka, nyingi zinabaki kwa viwanda vya Marekani, Misri anapokea vifaru na ndege. Turudi kwa Kagame jamani.

Mha Halisi: Kagame atasubiri. Kigoma ina mawese, kwa nini tuletewe mafuta ya soya kutoka ng'ambo ya bahari?

Mzee wa Mise: Kwa sababu mawese yetu mengi hayapiti kipimo, mwanangu. Mnunuzi mkubwa anataka asidi isizidi asilimia 5. Sisi tunakata mashada ya mchikichi, tunayalundika siku tatu nne ili chikichi zipukutike, na kila chikichi iliyobonyea inaanza kuchacha humo humo. Kuchemsha ndiko kunakozuia hilo, ukichelewa umeshaharibu. Halafu mtu anakamua, anaengua mafuta, hayarudishi motoni maji yaishe. Anajaza dumu. Miezi miwili, harufu.

Dada wa Gungu: Shikamoo mzee. Lakini mawese mekundu yana karotini ya asili ambayo mwili unaigeuza vitamini A, ya kopo vitamini inaongezwa kiwandani.

Mzee wa Mise: Marahaba. Inayo, ndiyo, mradi usiyaunguze mpaka yawe meupe kama wanavyofanya mama ntilie. Tatizo la pili ni mbegu. Mchikichi aina ya Dura una kokwa nene na nyama kiduchu. Aina ya Tenera, ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, ina nyama nyingi, lakini ukichukua mbegu ya Tenera shambani ukaotesha mwenyewe, robo inarudi Dura na robo nyingine ni aina ya Pisifera, mingi haizai. Watu wanapanda hivyo, kisha wanalaumu serikali.

Mha Halisi: Kwa hiyo miche inunuliwe Kihinga tu?

Mzee wa Mise: Kihinga, au kitalu kilichochukua mbegu huko. Uliza cheti kabla hujalipa.

Mgebuka Mkavu: Na Uvira je?

Mha Halisi: Mzee, hekta moja inaingia miche mingapi?