Barua moja tunaipeleka mwaka wa tatu huu, kalvati hatujaliona

Asalaam aleykum wadau. Nimejizuia tangu Ramadhani nisiandike, leo nimeshindwa.

Mji wetu sitoutaja, maana huku kila mtu ana sheha wake, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na sheha ana simu. Ni mji mdogo wa Pemba: soko, skuli, msikiti wa Ijumaa, na bonde la mpunga linalotugawa nusu kwa nusu. Masika ikikaza maji yanapanda juu ya barabara. Watoto wa ng'ambo ya pili wanavua viatu, wanavitia mkobani, wanavuka wameshikana mikono, wanaingia darasani wamerowa mpaka kiunoni. Walimu nao hivyo hivyo, na wengine siku hiyo hawaji kabisa.

Tunachoomba ni kalvati. Mabomba ya zege na kifusi juu yake, basi.

Barua niliichapa mie mwenyewe. Sheha akatia muhuri, tukapeleka baraza la mji. Wakasema barabara ile haiwahusu, nendeni ofisi ya mkoa. Huko wakapokea, wakagonga muhuri wa zambarau, IMEPOKELEWA, wakatupa nakala. Mwaka wa pili tukenda kuuliza: faili halionekani, leteni nyengine. Nikabadilisha tarehe tu. Mwaka huu tumekuta afisa mgeni, kaisoma mbele yetu, kasema barua nzuri lakini ilitakiwa ipitie baraza kwanza. Nikamtolea ile ya mwanzo yenye muhuri wa baraza. Akaigeuza nyuma, sijui alikuwa anatafuta nini, akasema: "Hii ya zamani."

Ya zamani! Si mumeizeesha nyinyi?

Halafu mwezi wa Juni wanakuja kutufanyia mkutano wa "vipaumbele vya wananchi". Tumekodi viti, kina mama wamechoma mikate ya mofa tangu alfajiri. Jamani, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na bajeti huko Chukwani, Baraza la Wawakilishi, zinasomwa tangu Mei. Pilau ishapakuliwa ndo munakuja kutuuliza tunataka mchele gani? Mzee mmoja kauliza hilo hilo, kwa adabu kuliko mie. Kajibiwa limechukuliwa.

Na musiniambie tumbane sheha. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais wa Zanzibar. Huyo sheha ataanzia wapi kumsukuma aliyemuweka? Wetu mtu mzuri wallahi, lakini akifika mlango wa ofisi ile sauti yake inashuka mpaka unamuonea huruma. Diwani tumemchagua wenyewe, ila kila akisimama anaambiwa barabara si ya baraza. Mwakilishi tunamuona kwenye maziko.

Ila msimu wa karafuu ukifika, gari zinaijua njia ya kuja kwetu! Mvua za vuli zikiwakuta, gari inasimama ng'ambo, magunia yanavushwa mabegani mwa vijana. Karafuu umeianika siku nne juani, unaiombea isiguswe na tone la mvua, halafu unaivusha mtoni kichwani. Ikirowa inavunda, na hasara ni yako peke yako.

Sasa naomba msaada wa wenye uzoefu. Kuna mji wowote mdogo, Unguja au huku kwetu, uliowahi kupata kitu kama hiki? Mulimpa nani barua, mkononi mwa nani hasa? Mulikwenda wangapi? Mwezi gani?

Ya nne nshaichapa. Pa tarehe nimepaacha wazi.