Tupeane uzoefu: takwimu za warushaji wa St. Louis Cardinals, timu ya besiboli ya Marekani, za mwaka 1968 zilikufunza nini?

Ndugu wanajamvi, naanza mimi. Nilipohamia St. Louis nilifanya kazi ghalani na mzee mmoja mwenyeji ambaye hakumaliza mapumziko bila kumtaja Bob Gibson, mrushaji wa Cardinals, yaani anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani. Siku moja alinipa karatasi ya takwimu za Gibson za 1968: ushindi 22, kushindwa 9, wastani wa pointi 1.12, yaani pointi alizoruhusu kwa kila mizunguko tisa, ambayo ni mchezo mmoja kamili. Mimi niliyezoea hesabu za duka nilimwambia karatasi ina kosa, kwa maana mrushaji anayeruhusu pointi moja na ushei katika mizunguko tisa hawezi kushindwa mara tisa. Mzee alicheka, akanisimulia mchezo wa tarehe 17 Septemba: Gibson aliruhusu pointi moja tu, lakini Gaylord Perry wa San Francisco Giants hakumwachia mpigaji yeyote wa Cardinals pigo hata moja la kumfikisha kituoni, mchezo ukaisha 1-0. Tangu siku hiyo safu ya ushindi huisoma mwisho, kwani inapima pia magongo ya wenzake. (Kesho yake, uwanja uleule, Ray Washburn wa Cardinals aliwalipa Giants vivyo hivyo.)

Mchangiaji wa pili: Mimi ilinitesa nukta. Mizunguko ya Gibson huandikwa 304.2, nami nikazidisha pointi 38 alizoruhusu kwa 9, nikagawanya kwa 304.2, nikapata 1.12, nikajiona fundi. Baadaye mwanangu wa chuo aliruhusu pointi moja katika mizunguko 0.2; nikamwambia wastani wake ni 45, akanuna mezani. Kumbe ile 2 ni wapigaji wawili waliotolewa kati ya watatu wanaokamilisha mzunguko, yaani theluthi mbili, na wastani wake ulikuwa 13.50. Kosa langu lilijificha kwa Gibson kwa sababu mizunguko yake ilikuwa mingi mno.

Mchangiaji wa tatu: Pamoja na hayo, kaka, hata hizo pointi 38 zisipokewe kama kipimo kamili. Zinaitwa za mrushaji kwa kuwa zile zinazotokana na makosa ya walinzi huondolewa, lakini kosa ni lile analoliandika karani. Niliutazama mchezo wa saba wa fainali ya mwaka huo dhidi ya Detroit Tigers: Curt Flood alikosea kuukadiria mpira wa Jim Northrup, ukampita, wakimbiaji wawili wa Tigers wakafunga pointi, na kwa vile hakuugusa, likaandikwa pigo halali. Mzigo wote akabebeshwa Gibson. Niliurudia mkanda mara nne kwa hasira.

Mchangiaji wa nne: Mbona hamjataja tuta, ule mwinuko anaosimama mrushaji? Nilimwekea shemeji dau la soda kwamba Gibson angeirudia 1.12 mwaka uliofuata, bila kujua kwamba mwaka 1969 tuta la mrushaji lilipunguzwa kutoka inchi 15 hadi 10 na eneo la straiki, yaani nafasi ambayo mpira ukipita huhesabiwa dhidi ya mpigaji, likafinywa. Alipata 2.18. Soda nimelipa.