Naomba ushauri: rangi inabanduka kwenye sanamu za udongo za bustani

Habari zenu, wanakikundi. Ninaishi Ujerumani, ambako watu huweka bustanini sanamu za vibete wenye ndevu na kofia ndefu nyekundu, na mwezi Machi nilinunua tano za udongo uliochomwa lakini haujapakwa chochote, ili nizipake rangi pamoja na wanangu. Tulizifuta vumbi kwa sponji yenye maji, tukaziacha usiku mmoja, kisha tukapiga mikono miwili ya rangi ya akriliki na mmoja wa vanishi.

Baada ya mvua za wiki mbili, kofia zimefanya malengelenge, na nikizikwangua kwa ukucha rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, huku udongo wa chini yake ukiwa bado na unyevu. (Kibete wa kitinda mimba wangu amebaki na jicho moja, na lawama zote ni zangu.) Nashuku maji yanapanda kupitia kitako, ambacho hatukukipaka kitu. Nilijaribu kuongeza vanishi juu, malengelenge yakazidi.

Je, niibandue rangi yote, au nirekebishe palipoharibika tu? Na kitako nikizibe kabisa, au nikiache wazi ili unyevu utoke, kwa kuwa maji yakinaswa ndani ya udongo na kuganda wakati wa baridi huupasua?

Natanguliza shukrani.