Tupeane uzoefu: pikipiki ya zamani inayosumbua kabureta, uligunduaje tatizo?

Wakuu, habari za majukumu. Nafungua uzi huu kwa sababu inaniuma kuona pikipiki nzuri za zamani zikiuzwa chuma chakavu kwa ugonjwa wa kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ambao bisibisi na subira vingeutibu. Tuelezane: ilikuwa inafanya nini, ulidhani nini, ikaja kuwa nini. Naanza na yangu.

Nina Honda XL125S ya marehemu mzee wangu, aliyekuwa bwana shamba. Baada ya msiba ilikaa bandani miaka minne. Nilipokuja kuipiga kiki nikiwa nimevuta choki, ikawaka. Nikirudisha choki, inazima. Barabarani, ukivuta mafuta taratibu inamisi na kupiga mafataki kwenye ekzosi, lakini ukiifungulia yote inakimbia kama mpya. Fundi wa kwanza aliizungusha skrubu ya kabureta huku na huku bila hata kuhesabu mizunguko. Wa pili akasema kabureta imekufa, nitafute nyingine dukani. Hela nilikuwa nimeshaitenga.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima pale Ilula. Hakugusa kabureta. Alichukua tepu nyeupe, akabandika kipande kwenye mkono wa mafuta na kingine pembeni yake, akachora mistari: mwanzo, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Akaniambia, "Nenda ukazunguke kijana wangu, urudi uniambie inasumbua kwenye mstari upi." Nikarudi na jibu: chini ya robo tu, juu ya hapo haina neno.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa kabureta. Sailensi (injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta) na mwanzo wa mkono vinalishwa na jeti ndogo, yaani kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta, pamoja na skrubu yake. Kati ya robo na robo tatu anayetawala ni sindano ya ndani ya kabureta. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Yangu ilikuwa inakimbia ikifunguliwa yote, maana yake jeti kubwa ni nzima, iachwe ilivyo. Na ilikuwa inatulia ukivuta choki, ambayo hupunguza hewa, maana yake huku chini ina njaa: hewa imezidi mafuta.

Akachomoa jeti ndogo, akaiinua kuelekea jua, akanipa nichungulie. Giza. Petroli iliyolala miaka minne ilikuwa imeacha utando wa kahawia, unanata kama asali iliyokauka, na tundu lenyewe ni dogo kuliko sindano ya kushonea. Aliiloweka usiku kucha, asubuhi akapitisha uzi mmoja wa shaba nyekundu alioutoa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma hakuruhusu usogee karibu. Jeti ni laini, ukiikwangua unalipanua tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta na hakuna atakayejua kwa nini. Alipoiinua tena juani nikaona kidoti cha mwanga, duara safi. Nimepanda nayo mlima Kitonga mara mbili tangu hapo, haijamisi hata kidogo.

Mdau wa Dodoma
Yangu ni Honda CG125. Inatembea vizuri kama kilomita nane, halafu inaanza kuishiwa nguvu hadi inazima. Ukipumzika dakika kumi inawaka, unaondoka. Nilisafisha kabureta mara tatu, nikabadili plagi, nikabadili koili. Siku moja imezimia njiani nikafungua mfuniko wa tangi niangalie mafuta, nikasikia "fyuuu", hewa inaingia ndani. Kitundu cha kupumulia cha mfuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoganda. Mafuta hayawezi kushuka kama hewa haiingii juu yake. Kwa hiyo ikizima, kabla hujashika spana, fungua mfuniko na usikilize.

Mdau wa Nakuru
Sisi huku shida yetu ni mwinuko. Nilinunua Yamaha ya kitambo Mombasa, huko chini ilikuwa tamu sana. Nilipoifikisha Nakuru, kama mita 1,850 juu ya bahari, ikawa nzito, moshi mweusi, plagi imejaa masizi makavu. Makanika akasema ringi zimeisha. Hazikuwa zimeisha. Hewa ya huku ni nyepesi, jeti iliyotosha pwani inamwaga mafuta mengi kupita kiasi huku. Nilibadili ile jeti kubwa nikaweka yenye namba ya chini kidogo, yaani tundu dogo zaidi, na shida ikaisha.

Mdau wa Tanga
Wenye DT125 na nyingine za kuchanganya mafuta na oili, nawaomba msome hapa kwa makini. Yangu ikipata moto, ukifunga mafuta resi (kasi ya injini) hazishuki, zinabaki juu zenyewe. Nikadhani kebo imekwama. Kumbe sili ya krenki (mpira unaozuia hewa kupenya kwenye mhimili wa injini) upande wa sumaku ilikuwa imekauka, ngumu kama plastiki, injini inavuta hewa ya wizi ambayo haijapita kwenye kabureta. Nilichelewa wiki mbili tu, pistoni ikakamata. Resi zikigoma kushuka zima injini, usiende nayo hata sokoni. Kagua pia mpira unaoshika kabureta na injini, ukiukunja utaona nyufa.

Mdau wa Kahama
Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, ile skrubu ya pembeni ukiikaza unaongeza mafuta au unapunguza? Kila fundi ananiambia lake.

Mwanzisha uzi
Marahaba. Wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea ilipokaa. Ikiwa upande wa eyakilina (kichujio cha hewa), inatawala hewa: ukikaza mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, inatawala mafuta: ukikaza yanapungua. Ikaze hadi mwisho kwa mkono mwepesi, irudishe mzunguko mmoja na nusu, kisha irekebishe taratibu injini ikiwa na moto. Lakini kwanza weka tepu, na uitazame plagi.

Mdau wa Kahama
Nimeweka tepu jana jioni. Chini iko sawa, mwisho iko sawa, inazubaa kati ya nusu na robo tatu. Plagi nyeusi tii. Nimefungua, nikakuta kipini cha sindano (klipu inayoishikilia) kiko kwenye ngazi ya chini kabisa, sijui nani alikiweka hapo. Nimekipandisha ngazi moja ili sindano ishuke na mafuta yapungue. Plagi nimeisafisha, kesho asubuhi naenda nayo hadi Isaka nirudi niifungue tena.