Hoteli ya katikati ya mji wa ufukweni au apatimenti ya pembeni? Nasafiri na familia

Kiberenge: Wakuu habari zenu. Likizo hii familia inaenda baharini, mji tumeshauchagua, ile miji iliyochangamka, michezo ya watoto, boti, muziki, watu mpaka usiku. Kuna hoteli iko katikati kabisa, ukitoka getini unakanyaga mchanga. Nyingine ni apatimenti ya vyumba viwili pembeni ya mji, ina jiko na utulivu ila iko mbali kidogo na maji. Bei hazijapishana sana. Natakiwa kulipa dipoziti wiki hii. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

MamaPacha: Mko wangapi? Watoto wana umri gani? Mnaenda mwezi gani? Bila hayo kila mtu atakushauri kwa familia yake.

Nanga: Hoteli. Likizo ya kupika na kuosha vyombo mimi siiiti likizo, mama watoto naye apumzike. Na mtoto akichoka chumba hicho hapo.

ZamuYaUsiku: Nanga taratibu ndugu yangu. Sisi tulikaa hoteli ya namna hiyohiyo, jina siliweki. Kwenye picha bwawa safi, bahari safi, ambacho hawakuandika ni kwamba ukumbi wa disko uko chini ya vyumba vya upande wa bahari, yaani vilevile walivyotuuzia bei ya juu. Muziki unaanza watoto ndo wanapanda kitandani unaisha karibu na alfajiri, kitanda kinatetemeka, mdogo analia mpaka anapaliwa, tukaenda mapokezi wakasema mtahamishwa kesho, kesho yake hoteli imejaa, mke wangu akawa anamtembeza mtoto kwenye korido usiku wa manane mimi nabembeleza mkubwa, asubuhi wote hoi hakuna mwenye hamu ya bahari. Hela walishachukua yote kwa hiyo kuhama hatukuweza. Kabla ya dipoziti uliza kwa maandishi chumba kinaangalia wapi, muziki unazimwa saa ngapi, na ukitaka kuondoka unarudishiwa nini. Na soma maoni ya wageni wa msimu uleule mnaoenda, sio ya miezi mitulivu.

Nanga: Hiyo ni hoteli moja. Apatimenti nazo wanaandika dakika 5 toka ufukweni kumbe wamepima kwa gari. Fungua ramani upime kwa miguu, uangalie na kilima.

Kiberenge: Asanteni. Watoto wawili, wa miaka 3 na wa 12. Mama mkwe naye yupo, anatembelea mkongojo.

MamaPacha: Hilo la mkongojo ungeanza nalo baba! Apatimenti ghorofa ya ngapi, lifti ipo? Mwezi bado hujasema.

Bamvua: Mimi naangalia maji. Sehemu nyingi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ule ufukwe wa kwenye picha mnaweza kuukuta ni matope na mawe kwa saa kadhaa mchana. Angalia jedwali la maji kabla hujalipia huo mchanga wa getini. Pia uliza waokoaji wapo? Kwenye fukwe nyingi bendera yenye nyekundu juu na njano chini maana yake wanalinda hapo, ogeleeni katikati ya bendera hizo. Nyekundu tupu ni hatari.

Nanga: Mediterania maji hayapandi wala kushuka kiasi hicho.

Bamvua: Ndo maana nimesema sehemu nyingi. Mji wenyewe jamaa hajautaja.

KasaMzee: Huyo wa 12 mfundishe mkondo unaovuta kwenda nje. Pale katikati ya mawimbi yanayovunjika panapoonekana pametulia, wengi hukimbilia hapo, kumbe ndipo unapopita. Mkondo ukimbeba asishindane nao, aelee na kunyoosha mkono, au aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke. Na maboya ya kujaza upepo kataa kabisa.

Nanga: Kabisa? Watoto watachezea nini sasa, si uyafunge kamba.

KasaMzee: Upepo ukitoka nchi kavu maji ya karibu yanaonekana shwari, boya linaondoka haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kulikimbiza. Wachezee kwenye bwawa. Wa miaka 3 asipite urefu wa mkono wako, mtoto akizama mara nyingi hapigi kelele.

Kiberenge: Nimewapigia. Hoteli lifti ipo, muziki wanasema inategemea siku. Apatimenti ghorofa ya pili, ngazi tupu. Mke anataka hoteli, mama mkwe anataka utulivu.

MamaPacha: Waombe chumba cha upande wa nyuma, waandike kabisa. Au tafuta ya tatu, ya chini.

ZamuYaUsiku: Na losheni ya jua chukua SPF (kipimo cha kinga ya jua) 50, sio 30.

MamaPacha: 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, ile miale ya jua inayounguza ngozi, 50 kama 98. Wanaungua kwa sababu wanapaka asubuhi tu. Ni kila baada ya saa mbili na kila wakitoka majini.

ZamuYaUsiku: Kwa wa miaka 3 mimi nabaki na 50, na fulana ya mikono mirefu juu.