Naanza juu ya adui, namaliza chini yake: nakosea wapi?

Mwanga_Juu aliuliza:

Wanajukwaa, habari za jioni. Niko Kigoma, pande za Mwanga, na kwa miezi miwili sasa ninajifunza mapigano ya angani katika IL-2 Sturmovik: 1946, mchezo wa mwaka 2006 ambao kompyuta mpakato yangu ya zamani inaumudu bila taabu. Ninarusha P-47, ndege ya kivita ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili, dhidi ya Ki-43, ndege nyepesi za kivita za Kijapani za vita hivyo, na nimesoma mara nyingi kwamba ndege nzito kama yangu haipaswi kuzungushana na ndege nyepesi, bali ishuke kutoka juu, ipige, kisha irudi juu ilikotoka.

Hilo ndilo ninalolifanya, au angalau ndivyo ninavyodhani. Naanza nikiwa mita 4,000 na adui yuko mita 2,800. Nainamisha pua, nashuka, nafyatua, nakosa, navuta kijiti nipande tena, na ifikapo mara ya pili au ya tatu najikuta niko naye kimo kimoja, mwendo umeniishia, naye anageuka kwa utulivu na kuja nyuma yangu. Zile mita 1,200 nilizokuwa nimemzidi huwa zimekwenda wapi?

Mwalimu_wa_Kasulu alijibu:

Ndugu yangu, kwa kuwa unaishi Mwanga, mteremko wa kushukia stesheni unaujua vizuri kuliko mimi. Mtu akiuteremka kwa baiskeli bila kukanyaga pedali, mwendo anaoupata chini umetokana na kimo alichokiacha juu. Akienda moja kwa moja na kukuta kilima mbele yake, mwendo ule utampandisha sehemu kubwa ya kilima hicho bila jasho. Lakini akifika chini akakata kona kali kuingia uchochoroni, matairi yatasugua ardhi, na atatokea upande wa pili akiwa na mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mlima aliushuka, lakini faida yake imebaki pale kwenye kona.

Sasa tuweke tarakimu. Ukianza na kilomita 360 kwa saa na kushuka mita 1,200, kwa hesabu isiyojali ukinzani wa hewa wala msukumo wa injini, utafika chini na karibu kilomita 660 kwa saa, na mwendo huo unatosha kukurudisha mita 1,200 zote ukiwa na kilomita 360 zako zilezile. Hewa, bila shaka, hutoza ushuru wake njiani, na injini nayo hukulipia sehemu ya ushuru huo. Ushuru ulio mkubwa kupita wote ni ule unaoutoza mkono wako mwenyewe. Ukivuta kijiti mpaka mabawa yabebe uzito wa ndege mara 3, ule ukinzani unaotokana na kazi ya kubeba huwa mara 9 ya ukinzani wa namna hiyo katika kuruka sawa kwa mwendo uleule; ukivuta mpaka mara 6, huwa mara 36. Kioo cha kompyuta kinapoanza kuingia giza wakati wa kuvuta, yaani mchezo unapoonyesha macho ya rubani yakififia kwa uzito huo, ujue umekwisha kulipa kupita kiasi.

Ninashuku kwamba unavuta mara mbili. Kwanza, adui anapokata kona mbele ya bunduki zako, unamfuata kwa nyuzi arobaini au hamsini ukitumaini kupata shabaha. Kisha, baada ya kumkosa, unavuta tena kwa nguvu kwa sababu unaogopa kumwacha mbali. Yote mawili yaache. Akikata kona, mwache aende, nyoosha mabawa, pita, na uanze kuinua pua polepole. Yeye aliyekata kona ndiye atakayekuwa amepoteza mwendo.

Baharia_Ujiji alijibu:

Mwalimu amemaliza suala la kushuka, lakini kosa la pili mara nyingi hutokea katika kupanda, na wageni wengi hawalioni. Kupanda kwa mwendo uliouleta kutoka juu si sawa na kupanda kwa nguvu ya injini. P-47 ina uzito wa zaidi ya tani 6 ikiwa imejaa, na injini ya nguvu farasi zipatazo 2,000. Ki-43 ina uzito chini ya nusu ya huo. Maadamu una mwendo mkubwa, uzito wako unakusaidia na Ki-43 haikufikii. Mwendo ukishuka hadi kufikia kiwango cha injini pekee, mambo yanageuka, hasa kwa P-47 za mwanzo, kabla ya kufungwa mapangaboi yenye mabapa mapana yaliyoboresha upandaji wake. Kwa hiyo usisimamishe pua kuelekea angani hadi ndege ining'inie. Panda kwa mwinamo mdogo huku ukitanua umbali, na usigeuke kumrudia adui kabla hujapata nafasi ya kutosha.

Waliofanya hivi kwa ndege za kweli walikuwapo. Neel Kearby, aliyeongoza Kundi la 348 la ndege za kivita za Wamarekani huko New Guinea, aliwaendea Wajapani kutoka juu sana kwa P-47, na tarehe 11 Oktoba 1943, karibu na Wewak, alihesabiwa kuangusha ndege 6 katika safari moja, akatunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Tarehe 5 Machi 1944 aliuawa katika eneo hilohilo, na masimulizi ya siku hiyo yanaeleza kwamba alizunguka chini baada ya shambulio, mwendo wake ukiwa umepungua. Huwa ninalikumbuka jambo hilo kila kidole kinaponiwasha kurudi kumalizia ndege inayofuka moshi.

Dagaa_Mbichi alijibu:

Mimi naona mnamchosha kijana kwa hesabu. Yeye ana bunduki 8, Ki-43 ina 2 tu. Amwendee uso kwa uso, yaishe.

Mwalimu_wa_Kasulu alijibu:

Ndugu Dagaa, bunduki 2 za milimita 12.7 zinatosha kabisa kukutoboa injini, na katika kukutana uso kwa uso faida ya kimo haina kazi tena; mnabaki kubahatisha sawasawa. Hata hivyo umenikumbusha jambo la maana. Bunduki 8 za P-47 hutoa risasi zipatazo 100 kwa sekunde moja, hivyo Mwanga_Juu hana sababu ya kumfuata mtu kwa sekunde tano. Afyatue akiwa ndani ya mita 300, sekunde moja, kisha apite.

Nakupa zoezi, mdogo wangu. Ondoa tamaa ya kuangusha kwa siku tatu. Weka adui mmoja chini yako, shuka, mpite bila kufyatua, panda mpaka urejee mwendo ulioanza nao, kisha uandike kwenye daftari kimo ulichofikia. Muhimu ni mwendo wa mwanzo na wa mwisho ulingane, vinginevyo tarakimu zitakudanganya.

Mwanga_Juu aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefanya zoezi kwa jioni tatu, kila mara nikianzia mita 4,000 na kilomita 360 kwa saa. Siku ya kwanza, nikivuta kwa mazoea yangu, nilirejea mita 3,150, nikashangaa kwamba pito moja tu linakula karibu mita 850. Siku ya pili nilifika 3,600. Jana, kwa kuvuta taratibu na kuacha kumtazama adui mpaka nimempita, nilifika 3,850, na nilipogeuka kumtafuta alikuwa chini kabisa, bado anazunguka mahali palepale.

Leo nimeruhusu bunduki. Nimekosa mara mbili, nikapata bawa katika pito la tatu, na nilikuwa bado juu yake mita 700. Kilichonisumbua ni kwamba katika pito la tatu nilishuka nikitokea upande wa jua, kwa bahati tu, na sijui kama rubani wa kompyuta anapofuka kwa jua kama mtu.

Baharia_Ujiji alijibu:

Usimtegemee kupofuka. Mwingilie kutoka nyuma na chini kidogo ya mkia, ambako hata mtu mwenye macho mazima haoni.