Tupeane uzoefu: kijana akishatimiza miaka 18, akatiwe kitambulisho kipi cha kuthibitisha umri?

Baba Mapacha
Ndugu zangu, salaam. Mapacha wangu, wa kike na wa kiume, walitimiza miaka 18 mwezi uliopita, na juzi walikwenda pamoja kwenye onyesho la muziki ambalo haliruhusu watoto. Wa kike akapita, wa kiume akarudishwa, ilhali yeye ndiye mkubwa kwa dakika ishirini. Dada mtu alikuwa na pasipoti iliyobaki kutoka safari ya shule; kaka mtu alikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyokunjwa mara nne. Mlinzi alimwambia kwamba karatasi ile inathibitisha kuwa kuna mtu alizaliwa siku ile, lakini haithibitishi kuwa mtu huyo ni yeye. Nilikasirika nilipoelezwa, kisha nikaona kwamba mlinzi amesema kweli. Sasa nimkatie nini: pasipoti, kitambulisho cha taifa, leseni ya kujifunzia udereva, au ile kadi ya umri ambayo baadhi ya nchi hutoa? Waliopitia haya naomba waseme.

Karani Mstaafu
Huyo mlinzi angefaa kuwa karani. Cheti cha kuzaliwa ni mzizi, kwa maana kila kitambulisho kingine huota kutoka kwake, lakini hakina sura ya mtu. Mimi nashauri pasipoti bila kusita. Ifungue kwenye ukurasa wenye picha, utazame mistari miwili ya chini yenye nafasi 44 kila mmoja. Katika mstari wa pili tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa tarakimu sita, mwaka, mwezi na siku, na ya saba ni ya uhakiki. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2006 huandikwa 060314: unazizidisha tarakimu hizo kwa 7, 3 na 1 kwa kupokezana, unajumlisha, unapata 46, na tarakimu ya mwisho, yaani 6, ndiyo inayofuata. Mjanja akigeuza 06 kuwa 04 ili ajiongezee miaka miwili, jumla inakuwa 40, na ile 6 inamsuta palepale.

Kijana wa Zamu ya Usiku
Shikamoo mzee. Mimi nimesimama milangoni miaka minne, na sijawahi kuzidisha kwa saba nikiwa na foleni ya watu mia mbili mbele yangu. Tunatazama picha, tunatazama mwaka, tunamtazama mtu machoni, basi.

Karani Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Ndiyo maana mjanja huyo alipita kwako.

Shangazi wa Wengi
Yaliyompata kijana wa Baba Mapacha yalimpata mwanangu kwenye chumba cha mtihani, tena nakala yake ilikuwa na muhuri.

Mama Binti
Nimesoma ushauri wa pasipoti nikaona nisinyamaze, kwa sababu jambo hili bado linaniuma. Binti yangu alipata nafasi ya chuo nchi ya nje, na viza ilikuwa imekwishagongwa ndani ya pasipoti. Zikiwa zimebaki siku kumi na moja asafiri, rafiki zake walimfanyia sherehe ya kumuaga kwenye ukumbi unaodai uthibitisho wa umri, naye akachukua pasipoti kwa kuwa hakuwa na kitambulisho kingine chochote chenye picha. Nilimkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Saa saba usiku alinipigia simu akilia hata maneno hayatoki, mkoba umefunguliwa zipu, simu ipo, fedha zipo, pasipoti haipo.

Tulikwenda ukumbini usiku uleule. Nilipiga magoti na nguo zangu za kulalia chini ya meza nikimulika kwa simu, na wafagiaji wakinitazama kama mwendawazimu. Asubuhi tukaenda kutoa taarifa polisi, tukachukua karatasi ya upotevu, tukaenda kwenye ofisi inayohusika, na pasipoti ikafutwa rasmi. Siku ya tatu, nikitafuta stakabadhi nyingine kabisa, niliingiza mkono kwenye bitana iliyochanika ya mkoba wangu mimi, si wake, nikagusa kitu kigumu. Ilikuwa pasipoti. Alikuwa amenirudishia kabla hata hajashuka garini, kwa sababu mlango wa ukumbi ulikuwa na mlinzi anayemfahamu, na sote wawili tukasahau.

Nilicheka kwa furaha kwa muda wa kama dakika moja, mpaka afisa aliponieleza kwamba pasipoti ikishatangazwa kupotea haifufuki. Namba yake huweza kuwa imekwishaingizwa kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati za safari zilizoibwa na kupotea, ambayo ipo tangu mwaka 2002, na ukijaribu kusafiri nayo unazuiwa mpakani. Ikabidi kuomba pasipoti mpya na viza mpya. Binti alifika chuoni wiki tano baada ya wenzake.

Msema Kweli
Pole sana mama, lakini tuseme ukweli: kosa si la pasipoti. Mzazi ndiye aliyetoa hati yenye viza ikapelekwe kwenye sherehe, tena akatangaza imepotea bila kupekua mkoba wake.

Mama Binti
Nimeandika hapo juu kwamba nilimkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Ulitaka niandike mara ngapi?

Shangazi wa Wengi
Msema Kweli, mtu anaeleza kidonda chake nawe unamtia chumvi. Mama Binti, hebu niambie, chuo kilimpokea bila tatizo?

Mama Binti
Walimpokea, dada, na mwakani anahitimu. Ule mkoba niliugawa.

Dereva Mkongwe
Turudi kwa Baba Mapacha. Leseni ya kujifunzia ndiyo jibu, hata kama kijana hana mpango wa kushika usukani. Ni kadi ya milimita 85.60 kwa 53.98, kipimo kilekile cha kadi ya benki, inaingia kwenye pochi na kukaa, ilhali pasipoti ni kitabu cha milimita 125 kwa 88 ambacho mfuko wa suruali ya kijana hauwezi kukibeba bila kukikunja. Uingereza kijana anaweza kuipata tangu akiwa na miaka 15 na miezi tisa, na wengi huitumia kuthibitisha umri kabla hawajagusa gari. Majimbo mengi ya Marekani humpa aliye chini ya miaka 21 leseni iliyochapwa wima badala ya mlalo, ili muuzaji ajue kabla hajasoma hata herufi moja. Ikipotea unalia kidogo, lakini hukosi ndege.

Msema Kweli
Na asiyeona je? Na mwenye kifafa ambaye daktari amemkataza kuendesha? Hao ndio wanaofaidika na kadi za umri, nanyi mnazipita kama hazipo.

Dereva Mkongwe
Hapo umenena, nimekubali. Ila kijana akiichukua, aulize kwanza benki yake kama wanaitambua, maana kadi inayokufikisha ukumbini si lazima ikufungulie akaunti.

Mwana wa Januari Mosi
Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi, na kwa kuwa hakuna aliyejua siku niliyozaliwa, niliandikiwa tarehe 1 Januari kama wengi wa rika langu pale. Kila ninapotoa kitambulisho, mtu hukitazama, hunitazama, kisha hukitazama tena. Siku moja tulifika watu watano kwenye kaunta moja, sote tumezaliwa Januari mosi, na karani akamwita mkubwa wake akidhani amewakamata matapeli. Kwa mtu kama mimi, kitambulisho bora ni chochote kinacholingana na vingine vyote nilivyo navyo, kwa sababu wakipata tofauti moja hawaamini hata kimoja.

Mjukuu wa Bibi
Tofauti nyingine ni ya mpangilio wa tarehe. Nilizaliwa tarehe 3 Desemba, kadi yangu ikaandika 03/12, na mtu aliyezoea kusoma mwezi kwanza, kama Wamarekani, akanisomea Machi 12 na kunipa miezi tisa nisiyostahili. Nilishukuru nikapita. Pasipoti nyingi huandika mwezi kwa herufi, kwa hiyo bahati ya namna hiyo hupati.

Kijana wa Zamu ya Usiku
Niongeze moja tu: msituletee picha ya kitambulisho kwenye simu. Picha hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuitengeneza.

Fundi Simu
Tutofautishe picha na leseni ya kidijitali. Kuna kiwango cha kimataifa cha leseni za simu, ISO/IEC 18013-5, kilichotoka mwaka 2021, na uzuri wake ni kwamba simu inaweza kujibu swali moja tu, kwamba mtu huyu amepita miaka 18 au hajapita, bila kumpa mlinzi jina wala anwani. Mabinti zetu wanalihitaji hilo kuliko mnavyodhani.

Kijana wa Zamu ya Usiku
Na betri ikiisha?

Fundi Simu
Betri ikiisha, arudi nyumbani alale.

Baba Mapacha
Nawashukuru nyote, na Mama Binti pole sana. Kisa chako nimemsomea mke wangu, akaenda kupekua mkoba wake papo hapo. Tumekubaliana kwamba pasipoti ya binti inaingia sandukuni na ufunguo anakaa nao mama yake, na kila pacha atakatiwa kitambulisho cha taifa cha kutembea nacho. Ila nimepata kazi mpya. Baada ya kumsoma Mwana wa Januari Mosi nilivitoa vyeti vyao viwili vya kuzaliwa nikaviweka mezani sambamba, na nimegundua kwamba jina langu kwenye cha wa kike limeandikwa kwa m mbili, na kwenye cha wa kiume kwa m moja. Miaka 18 vimekaa bahasha moja na sikuwahi kuona. Kwa hiyo kesho asubuhi siendi kwenye vitambulisho, naanza na masahihisho ya vyeti, na kijana ameniuliza kama nina uhakika kwamba hao ni mapacha.

Karani Mstaafu
Nenda na cheti chako mwenyewe pia, asili na nakala mbili.